Hesabu Mbegu, Usihesabu Urefu wa Ufunguo

Mtu amesahau nywila ya akaunti yake. Anabonyeza palipoandikwa "Nimesahau", na baada ya muda mfupi anapokea barua pepe yenye kiungo. Ndani ya kiungo kuna tokeni ya herufi na tarakimu 32 zilizochanganyika. Akikifuata, anaruhusiwa kuweka nywila mpya. Kwa nusu saa ijayo, yeyote mwenye tokeni hiyo ndiye mwenye akaunti. Ukiitazama kwa macho, utaapa kwamba hakuna binadamu awezaye kuikisia.

Sasa fungua programu iliyoitengeneza. Mara nyingi mno utakuta mistari miwili ya aina hii: wa kwanza unasoma saa ya seva kwa sekunde na kuifanya mbegu, yaani thamani ya kuanzia, ya jenereta ya namba, wa pili unaiamuru jenereta itoe herufi 32. Mwandishi wake aliijaribu mara kadhaa, akaona kila tokeni inatoka tofauti na mwenzake, akaridhika na kwenda kazi nyingine.

Mdukuzi hahangaiki na herufi 32. Anafungua akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo huo huo, anaomba kubadili nywila, anapokea tokeni yake halali kabisa. Kisha kwenye kompyuta yake anaendesha jenereta ile ile kwa kila sekunde ya dakika tano zilizopita. Hizo ni mbegu 300. Moja kati yake itatoa tokeni aliyoipokea, na hapo atajua saa ya seva imepishana na ya kwake kwa kiasi gani. Baada ya hapo anaomba kubadili nywila ya akaunti yako. Barua pepe inakuja kwako, lakini yeye haihitaji. Sekunde anaijua, mbegu anaipanda, na jenereta inamtolea tokeni yako herufi kwa herufi. Akikosa, anasogea sekunde moja mbele au nyuma. Kumwekea kikomo cha majaribio matatu hakusaidii, maana jaribio moja au mawili yanamtosha.

Kuna atakayejitetea kwamba mdukuzi hajauona msimbo wake. Utetezi huo haufai. Jenereta zinazokuja na lugha za programu ni chache na zinajulikana, na njia za kuzipanda mbegu zinazopendwa na watu ni chache zaidi: saa, namba ya mchakato, namba ya mteja. Mdukuzi anazijaribu zote kabla hajamaliza chai. Auguste Kerckhoffs aliandika tangu 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki imara hata adui akiujua wote, mradi tu hajaupata ufunguo. Andika programu yako ukichukulia kwamba adui ameshaisoma.

Kwa hiyo, kabla ya kujisifu kwamba ufunguo wako ni wa biti 128 au 256, uliza: mbegu iliyouzaa ingeweza kuwa ngapi? Mwaka mmoja una sekunde 31,536,000. Ukitengeneza ufunguo wa biti 256 kwa kupanda saa ya sekunde, na adui akajua tu kwamba ulitengenezwa ndani ya mwaka huu, hana kazi ya kupambana na 2 kwa kipeo cha 256. Ana funguo zisizofika milioni 32 za kujaribu, ambazo ni pungufu ya biti 25. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inazimaliza upesi. Ukitumia milisekunde unazizidisha kwa elfu moja tu, na adui anayeijua siku yenyewe ameshajipunguzia kazi hiyo.

Wengine wakisikia haya huipitisha saa kwenye SHA-256, fomula ya kutengeneza muhtasari, wakatoa matokeo marefu yenye sura ya kutisha, wakadhani wamepona. Hawajapona. SHA-256 kwa pembejeo ile ile hutoa jibu lile lile. Ukiingiza vitu milioni 32 vinavyojulikana, utatoa vitu milioni 32 vinavyoweza kuorodheshwa. Hakuna fomula duniani inayoongeza idadi ya uwezekano ulioingia nao. Inaweza kuusambaza, kuuficha machoni, kuupamba, lakini hauzidi.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kompyuta haibahatishi. Ipe maelekezo yale yale na thamani zile zile za kuanzia, itakupa jibu lile lile leo na mwakani. Jenereta ya kawaida ni fomula inayochukua mbegu, inaizungusha ndani ya hesabu fulani, inakutolea namba, kisha inabaki na hali mpya ya kuzalisha namba inayofuata. Namba zake zina sura ya nasibu tu. Jenereta maarufu kuliko zote za aina hii ni Mersenne Twister ya Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, iliyochapishwa mwaka 1998. Ndiyo iliyomo kwenye moduli ya random ya Python na kwenye mt_rand ya PHP. Mzunguko wake haurudii mpaka upite hatua 2 kwa kipeo cha 19,937 kasoro moja, idadi isiyo na mfano. Hata hivyo, mtu akipata namba zake 624 mfululizo za biti 32, anaweza kuijenga upya hali yote ya ndani na kutabiri kila namba itakayofuata, milele. Hahitaji hata kuijua mbegu.

Hili si kosa la Matsumoto na Nishimura. Jenereta yao ilitengenezwa kwa ajili ya majaribio ya kisayansi, na huko kurudiarudia ni faida. Mtafiti anayeiga foleni za magari au mwenendo wa mvua anataka aweze kupanda mbegu ile ile kesho na kupata matokeo yale yale, ili mwenzake ahakiki. Mchezo wa simu unaotawanya nyota angani hauna siri ya kulinda. Tatizo linaanza pale jenereta ya majaribio inapopewa kazi ya kulinda fedha za watu.

Wala usidanganyike na vipimo vya takwimu. Unaweza kuhesabu kama kila tarakimu inatokea sawasawa, kama jozi zinatokea sawasawa, kama hakuna mfuatano unaojirudia, na jenereta ikafaulu yote. Tarakimu za pai nazo hufaulu vipimo kama hivyo, na hakuna mtu mwenye akili atakayezifanya nywila, kwa sababu kila mtu anaweza kuzikokotoa. Kriptografia inadai jambo gumu zaidi ya sura nzuri: adui aliyeona namba zote zilizopita asiwe na njia yoyote ya kuijua inayofuata kwa ubora zaidi kuliko kubahatisha.

Somo hili liliingia hadharani mwaka 1995. Kivinjari cha Netscape ndicho kilichokuwa kikitawala intaneti, na watu walikuwa wanaanza kutuma namba za kadi zao za benki kupitia kwake. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waliichambua programu hiyo na kukuta kwamba mbegu ya funguo zake inatoka kwenye vitu vitatu: saa, namba ya mchakato, na namba ya mchakato mzazi. Mtu mwenye akaunti kwenye mashine hiyo hiyo ya Unix aliweza kuzisoma namba za michakato bila shida. Kwenye saa, sekunde ilijulikana kwa kuangalia mawasiliano yanapita lini. Kilichobaki ni sehemu za milioni za sekunde, yaani uwezekano 1,000,000. Haikujalisha kama Netscape hiyo ilikuwa toleo la biti 40 lililouzwa nje ya Marekani au la biti 128 la ndani; zote zilipanda mbegu ile ile, zote zilianguka pamoja.

Kisa cha Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, kinauma zaidi, kwa sababu waliohusika walikuwa watu makini wanaofanya kazi nzuri. Mwaka 2006, mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya kriptografia, ndani ya Debian alikuwa akipambana na malalamiko ya Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu. Valgrind ililalamika kwamba OpenSSL inasoma kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Chanzo kilionekana kuwa mstari mmoja, uliojitokeza sehemu mbili ndani ya faili linalohusu nasibu. Kuuondoa wa kwanza kulikuwa na madhara madogo sana. Wa pili ndio uliokuwa ukikorogea ndani ya dimbwi la jenereta, yaani hali yake ya ndani, kila kitu cha nasibu kilicholetwa kutoka kwenye mfumo endeshi. Yote miwili ikaondolewa. Malalamiko yakaisha, programu ikaendelea kufanya kazi, funguo zikaendelea kutoka, kila moja ikiwa na urefu wake kamili.

Kitu pekee kilichobaki kuitofautisha mbegu moja na nyingine ilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux ya wakati ule, kwa mipangilio ya kawaida, haikuzidi 32,768. Kwa kila aina ya mashine na kila urefu wa ufunguo, dunia nzima ya watumiaji wa Debian, na wa Ubuntu iliyojengwa juu yake, ilikuwa ikigawana funguo zipatazo 32,000. Hali ilikaa hivyo hadi 13 Mei 2008, Debian ilipotangaza hitilafu iliyogunduliwa na Luciano Bello. Ndani ya muda mfupi watafiti walikuwa wameshazizalisha funguo zote na kuziweka hadharani. Kwa miezi ishirini hivi hakuna kipimo kilichopiga kelele, kwa sababu ukiangalia ufunguo mmoja mmoja, kila mmoja ulikuwa mzuri.

Ndiyo maana ninasisitiza kuhesabu mbegu. Kuangalia matokeo kusingewasaidia.

Basi namba uzitoe wapi? Kwa mfumo endeshi, kila mara, bila kujitungia. Kerneli ya Linux, ya Windows, ya macOS, ya Android, zote zinakusanya vitu ambavyo mtu wa nje hawezi kuvijua: nyakati halisi ambazo vifaa huishtua prosesa, mitikisiko midogo ya saa, na kwenye prosesa nyingi za kisasa, saketi maalumu inayopima kelele za umeme. Mkusanyiko huo unapelekwa kwenye jenereta ya kriptografia, yaani jenereta ambayo hata ukiona matokeo yake mengi huwezi kurudi nyuma kuijua hali yake ya ndani. Ikishapata biti 256 za nasibu mwanzoni, haiishiwi. Ile imani ya zamani kwamba nasibu ya Linux "hukauka" ukiitumia sana imewafanya watu wengi waandike njia zao za mkato zilizo mbaya kuliko tatizo walilolidhania.

Kwa vitendo ni hivi. Kwenye Python, achana na random kwa jambo lolote la siri na tumia secrets, iliyoingia toleo la 3.6. Kwenye PHP, random_bytes na random_int zipo tangu toleo la 7. Rand na mt_rand ziachie michezo. Kwenye Java ni SecureRandom, si java.util.Random, ambayo hali yake ya ndani ni biti 48 tu. Kwenye JavaScript, Math.random haijawahi kuahidi usalama wowote; ndani ya kivinjari tumia crypto.getRandomValues, na kwenye Node tumia crypto.randomBytes au crypto.randomInt. Kwenye Go ni crypto/rand. Ukiandika C juu ya Linux, getrandom ipo tangu kerneli ya 3.17 ya mwaka 2014. Katika zote hizo usipande mbegu mwenyewe. Ukiona mahali unaombwa mbegu, shtuka.

Unaponakili msimbo wa mtu, uwe wa mwenzako ofisini au uliotolewa na mashine, sehemu ya kwanza kuikagua ni hapo. Mifano ya kufundishia hupenda jenereta rahisi kwa sababu inaeleweka upesi, na kutoka kwenye somo hadi kwenye seva ya kulipia ni hatua fupi mno.

Kuna mtego mdogo unaowanasa hata waliochagua jenereta sahihi. Tuseme unataka tarakimu moja ya namba ya siri ya SMS, unachukua baiti moja ya nasibu, yenye thamani kuanzia 0 hadi 255, kisha unaigawanya kwa 10 na kubaki na baki. Thamani ziko 256, na 256 haigawanyiki sawasawa kwa 10. Tarakimu 0 hadi 5 zitapata nafasi 26 kila moja, na 6 hadi 9 zitapata 25. Upendeleo huo kwenye namba ya tarakimu sita inayoisha muda baada ya dakika tano si msiba. Kwenye baadhi ya saini za kidijitali, upendeleo mdogo namna hiyo ukirudiwa mara nyingi unatosha kuupasua ufunguo. Dawa ni kuitupa baiti yoyote iliyofika 250 au kupita na kuchukua nyingine. secrets.randbelow na random_int zinakufanyia hivyo, kwa hiyo zitumie.

Nimetaja saini za kidijitali, na hapa nasibu ina kazi ambayo watu wengi hawaijui. Kwenye mfumo wa ECDSA, kila unaposaini unahitaji namba mpya ya siri, iitwe k, itumike mara moja tu na kutupwa. Saini inakuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, r, inatokana na k peke yake. Ya pili, s, ni muhtasari wa ujumbe kujumlisha r mara ufunguo wako wa siri, vyote kugawanya kwa k. Sasa tuseme umesaini jumbe mbili kwa k ile ile. Kila anayezitazama ataona r zimefanana, na atajua papo hapo. Akitoa s moja kwenye nyingine, sehemu yenye ufunguo wa siri inajifuta. Kinachobaki ni tofauti ya mihtasari miwili kugawanya kwa k. Mihtasari anaijua, s zote anazo, kwa hiyo k anaipata kwa kugawanya tu. Akishapata k, anairudisha kwenye mlinganyo wa kwanza na ufunguo wako unatoka mzima. Ni aljebra ya sekondari, ingawa inafanyika kwenye hesabu za moduli, na haihitaji kompyuta kubwa.

Desemba 2010, mjini Berlin, kundi linalojiita fail0verflow lilionyesha kwamba Sony ilikuwa ikisaini programu za PlayStation 3 kwa k isiyobadilika. Ufunguo wa kusaini ukapatikana, na yeyote akaweza kusaini programu ambayo mashine hizo ziliipokea kana kwamba imetoka kwa Sony. Agosti 2013 yakatokea mengine ya aina hiyo: SecureRandom ya Android haikuwa ikiandaliwa ipasavyo, baadhi ya pochi za Bitcoin zikarudia k, na kwa kuwa saini zote za Bitcoin ziko wazi kwa dunia nzima, wezi walizisaka r zilizofanana na kuchukua fedha.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua Ed25519, ambayo k yake inakokotolewa kutoka kwenye ufunguo wa siri na ujumbe wenyewe, hivyo haitegemei bahati ya siku hiyo. Ukilazimika kubaki na ECDSA, hakikisha maktaba yako inafuata RFC 6979 ya mwaka 2013, inayofanya jambo hilo hilo. Ninaupenda uamuzi huu wa wanakriptografia: palipokuwa na njia ya kuiondoa nasibu kabisa, waliiondoa.

Wanaotengeneza vifaa vidogo, kama ruta, mita, kamera, na vihisi vya shambani, wana shida yao maalumu. Kifaa kinapowashwa kwa mara ya kwanza hakina historia yoyote. Hakina kibodi, hakina diski, saa yake labda inaanza 1970, na kumbukumbu yake ni nakala ya kiwandani inayofanana na ya vifaa vingine elfu kumi. Halafu jambo la kwanza kinalotakiwa kufanya ni kutengeneza ufunguo wa RSA. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima wakatafuta zinazogawana namba tasa. Ufunguo wa RSA ni zao la namba tasa mbili kubwa. Kulivunja zao hilo ni kazi isiyowezekana kwa vipimo vya leo. Lakini funguo mbili zikigawana namba tasa moja, unatafuta kigawo chao kikubwa cha shirika, ile KKS tuliyofundishwa shule ya msingi, na namba tasa inajitokeza. Kwa njia hiyo walipata funguo za siri za asilimia 0.5 ya seva za TLS walizozichunguza, nyingi zikiwa vifaa vidogo vya mtandao vilivyotengeneza ufunguo kabla havijakusanya nasibu ya kutosha.

Kwa hiyo ukitengeneza kifaa, usizalishe ufunguo dakika ya kwanza baada ya kuwasha. Tumia getrandom, ambayo husubiri mpaka kerneli iwe tayari, badala ya kusoma faili la nasibu la mfumo moja kwa moja. Wekea kila kifaa mbegu yake ya kipekee kiwandani, kisha kiwe kinahifadhi mbegu mpya kila kinapozimwa. Hayo hayo yanawahusu wanaonakili mashine pepe: ukichukua picha ya mashine moja na kuwasha kumi kutoka kwake, futa kwanza funguo za SSH na mbegu iliyohifadhiwa, la sivyo utakuwa na ndugu kumi wenye ufunguo mmoja.

Kwa wanaoendesha droo za zawadi, nasibu ina sura nyingine, maana adui anaweza kuwa ndani ya nyumba. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa habari wa shirika linaloendesha bahati nasibu za majimbo mengi nchini Marekani, na ndiye aliyeandika programu ya kuchagua namba. Ndani yake alificha sharti lililofanya matokeo yatabirike siku chache maalumu za mwaka. Desemba 2010 tiketi ya dola milioni 16.5 ilinunuliwa jimboni Iowa. Uchunguzi ulimfikia, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Programu yake ilikuwa imeshapita ukaguzi. Ikiwa droo yako ni ya duka au ya chama cha akiba, orodha ya washiriki ifungwe na itangazwe kabla, kila mmoja akiwa na namba yake, kisha namba ya ushindi itolewe mbele ya watu kwa dadu au mipira kwenye chombo kinachoonekana. Kompyuta iliyofungiwa ofisini, hata ikiwa na jenereta bora duniani, haimthibitishii kitu mtu aliyekosa.

Nawe usiyeandika programu lakini una nywila na akiba kwenye simu, jambo hili linakuhusu pia. Kichwa cha binadamu ni jenereta mbovu kuliko zote nilizozitaja. Tukiambiwa tuchague tarakimu nne tunakimbilia mwaka wa kuzaliwa, na miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio hai ni kama mia moja tu. Iachie programu ya kutunza nywila ichague, ila nayo isasishe: mwaka 2021 ilitangazwa kwamba toleo la awali la programu ya nywila ya Kaspersky lilipanda Mersenne Twister kwa saa ya sekunde, kosa lile lile la tokeni niliyoanza nayo.

Kwa nywila moja kuu ambayo lazima uikumbuke, tumia dadu. Arnold Reinhold alipendekeza njia hii mwaka 1995: orodha ya maneno 7,776, ambayo ni 6 kwa kipeo cha 5, na kila neno linachaguliwa kwa kurusha dadu mara tano. Neno moja linakupa karibu biti 13. Maneno sita yanapita biti 77. Hakuna kinachozuia orodha hiyo iwe ya Kiswahili, na Kiswahili chetu kina maneno mafupi ya kutosha kabisa. Orodha haihitaji kuwa siri. Ichapishe, mpe jirani, iweke ukutani. Nguvu yote iko kwenye dadu, na ndiyo sababu hutakiwi kurudia kurusha eti neno lililotoka hulipendi. Kila unapochagua kwa kupenda, unairudishia akili yako kazi uliyoinyang'anya.

Mwisho, kwa walio na mifumo inayofanya kazi tayari. Tafuta ndani ya msimbo wako maneno haya: rand, mt_rand, Math.random, random.choice, java.util.Random, srand, seed. Kila utakapolikuta mojawapo, fuatilia namba inakwenda wapi. Ikienda kwenye rangi ya kitufe, iache. Ikienda kwenye tokeni, nywila ya muda, namba ya SMS, jina la faili lisilotakiwa kukisiwa, kitambulisho cha kikao au ufunguo wowote, ibadilishe siku hiyo hiyo. Angalia pia vitambulisho vya UUID: toleo la 1 limetengenezwa kwa saa na kwa kawaida namba ya kadi ya mtandao, kwa hiyo halifai kamwe kuwa siri.

Kisha usiishie kwenye msimbo. Kurekebisha jenereta hakuzitibu namba zilizokwisha kutoka. Debian walipotoa kifurushi kipya, watu wengi walikisakinisha na kulala, huku funguo zao za zamani zikiwa bado milangoni. Ilibidi kila ufunguo wa SSH uliozaliwa kati ya 2006 na 2008 utafutwe kwenye kila seva uliponakiliwa, kila cheti kiombwe upya, na hata funguo za DSA zilizozaliwa kwingine zitupwe, ikiwa ziliwahi kutumika kusaini kwenye mashine yenye hitilafu. Andaa orodha ya kila kitu ambacho jenereta yako mbovu iliwahi kukizalisha: tokeni zilizo hai, vikao vilivyo wazi, funguo za API ulizowapa washirika, nywila za mwanzo za wafanyakazi. Vifute vyote, toa vipya, na uwaambie wenye navyo kwa nini.